Mkono Ndani ya Buti

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Kipima alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine darasani mwake aliyekuwa nayo. Alikuwa akichomoa betri mbili kwenye chaji iliyokaa juu ya kabati, anazichomeka kwenye vifuko vilivyoshonwa ubavuni mwa mabuti ya mama yake, moja kulia na nyingine kushoto, kisha anabonyeza swichi. Taa ndogo nyekundu zikiwaka, anasubiri kidogo. Halafu anaingiza mkono ndani ya kila buti, mpaka kule mwisho vinapokaa vidole.

"Vipi huko?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kulia moto. Kushoto moto."

"Moto wa aina gani?"

"Wa maji ya kunawia uso."

"Haya, niletee."

Jina lake la kwenye daftari la shule lilikuwa jingine, refu na zuri tu, lakini hata mwalimu wake alikuwa amelisahau. Mama ndiye aliyeanza kumwita Kipima. "Wewe ndiye kipimajoto changu," alimwambia siku ya kwanza alipompa kazi ile, na jina likaganda hapo hapo.

Majirani walikuwa hawaishi kucheka. Mji wao ulikuwa wa joto, joto la kumfanya mbwa ahamie chini ya meza na kukataa kutoka. Sasa mtu akisikia kwamba mama Kipima anavaa viatu vinavyotiwa moto kwa betri, lazima aulize kama ni mzima. Mama aliwajibu wote jibu moja. "Njoo usimame kazini kwangu dakika kumi tu. Utaniomba na soksi."

Mama alifanya kazi katika kiwanda cha samaki, kwenye chumba cha baridi. Huko samaki walipangwa kwenye makatoni mpaka karibu na dari, kuta zilikuwa na ganda jeupe la barafu, na mtu akisema neno lilimtoka na moshi. Wafanyakazi waliingia wawili wawili, wamevaa makoti mazito na glavu. Walikaa dakika ishirini, wakatoka kupata joto, wakarudi tena. Mwenzake mama aliitwa Dada Trei, kwa sababu alibeba trei nne kwa mkupuo mmoja na bado akapata nafasi ya kupiga soga. Kila baada ya muda, yeyote kati yao alimwuliza mwenzake, "Miguu ipo?" Mwenzake akijibu "Ipo," kazi iliendelea. Asipojibu hivyo, walitoka wote wawili, hata kama katoni ilikuwa mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu kwa mzaha.

Mabuti yale ya betri hayakutoka kiwandani. Yalikuwa kazi ya baba. Baba alikuwa fundi redio, mwenye meza yake kibarazani, na aliyaokota kwenye marobota ya mitumba yakiwa yamekufa kabisa. Soli za ndani zilikuwa na nyaya nyembamba za kupasha moto, lakini nyaya zenyewe zilikatika hapa na pale. Baba alikaa nayo siku tatu, akalehemu, akapima, akalehemu tena. Yalipowaka alitembea nayo barabara nzima akiwaonyesha watu. "Redio zangu zinaongea," alisema, "na viatu vyangu vinapika." Mwezi mzima hakukuwa na mazungumzo mengine nyumbani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo baba hakulijua, wala Kipima hakulijua.

Msimu wa mvua uliopita, kabla mabuti hayajapatikana, mguu wa kushoto wa mama ulipigwa na baridi vibaya. Vidole vitatu vya pembeni vilikufa ganzi, na siku zilivyopita ganzi haikuondoka. Ungeweza kuvikanyaga asijue. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ametangaza zaidi ya mara moja kwamba mfanyakazi yeyote ambaye kidole chake kimekufa ganzi aseme, atolewe kwenye chumba cha baridi. Mama alipiga hesabu yake kimyakimya. Aliwakumbuka wanawake wawili waliowahi kutolewa mle ndani, na hakuwahi kuwaona tena kiwandani. Basi akaamua kunyamaza, hata kwa mumewe.

Taabu ilikuwa moja. Mguu wa kulia uliweza kumwambia kama buti lina moto. Mguu wa kushoto haukumwambia chochote. Ndipo alipouazima mkono wa binti yake, akaufanya mchezo, akampa na jina juu yake. Kipima aliona ni mapenzi ya mama tu, na kweli mapenzi yalikuwemo.

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, na aliyeyaanzisha wala hakujua anaanzisha nini. Kipima alikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Tangazo, kwa kuwa habari haikupata kulala mdomoni mwake. Siku hiyo walikuwa wakichora ramani pamoja. Tangazo aliinamia rula, akainua pua, akanusa tena.

"Mbona mkono wako unanuka samaki?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani.

"Si samaki," akadakia mvulana wa dawati la nyuma. "Ni soksi ya samaki."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alijigeuza haraka kuelekea ubaoni, na mabega yake yakatikisika. Kipima aliuficha mkono chini ya dawati, akamaliza ramani yake kwa mkono wa kushoto. Mito yote ilitoka imepinda. Alipofika nyumbani alinawa kwa sabuni mara tatu, na hata hivyo alipolala aliuweka mkono ule mbali na pua.

Jumatatu asubuhi alichomeka betri na kubonyeza swichi kama kawaida. Taa nyekundu ziliwaka, moja huku na moja kule. Aliutazama mdomo wa buti, akautazama mkono wake.

"Vipi huko?" mama aliuliza.

"Kulia moto," alisema Kipima. "Kushoto moto."

"Moto wa aina gani?"

"Wa maji ya kunawia uso."

Mama alivaa, akaenda, akarudi mzima, akasifia na moto wenyewe. Jumanne Kipima aliona haya kidogo kusema yale maneno. Jumatano yalitoka yenyewe. Kufika Alhamisi alikuwa akijibu huku anatafuta soksi zake za shule chini ya kitanda, hata hajageuza uso kuyaangalia mabuti. Taa si zinawaka? Kama taa zinawaka, moto upo. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ijumaa asubuhi, waya wa soli ya kushoto ulikuwa tayari umekatika, pale soli inapokunjika mtu akitembea. Taa haikujua. Taa ilipata umeme wake juu, karibu na betri, ikaendelea kuwaka nyekundu kama siku zote.

"Vipi huko?"

"Kulia moto. Kushoto moto. Wa maji ya kunawia uso," alisema Kipima, yote kwa pumzi moja.

"Leo una haraka," mama alisema, akambusu kichwani na kuondoka.

Siku hiyo lori kubwa lilikuja kuchukua mzigo mapema kuliko ilivyotarajiwa. Dakika ishirini zikawa arobaini. Mara tatu Dada Trei aliuliza, "Miguu ipo?" na mara tatu mama alijibu, "Ipo." Hakuona kwamba anasema uongo. Mtoto wake alikuwa ameingiza mkono asubuhi, na amesema kuna moto.

Kipima alirudi kutoka shuleni alasiri akakuta baiskeli ya Dada Trei imeegemezwa mlangoni. Mama hakuwa na desturi ya kurudi mapema. Ndani, mama alikuwa amekaa kitini, mguu wake wa kushoto uko juu ya kigoda. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na baba alipokigusa kimoja alirudisha mkono haraka.

"Ni vigumu," baba alisema. "Kipima, lete jiko la mkaa hapa karibu."

"Usilete," alisema Dada Trei. "Shemeji, mguu ulioganda hauwekwi motoni. Utaungua na mwenyewe asijue. Kule kazini tunaambiwa hilo kila siku. Wala usimsugue. Tumpeleke zahanati."

"Zahanati sitaki," mama alisema. "Kesho ni Jumamosi. Nikilala, mguu utaamka salama."

"Mguu huu?"

"Umepata baridi kidogo tu, Dada Trei. Wakiandika karatasi pale zahanati, karatasi itafika kwa msimamizi. Niacheni nilale."

Baba hakubishana naye. Alipochanganyikiwa, alikuwa na tabia ya kushika bisibisi. Aliliokota buti la kushoto, akabonyeza swichi, taa ikawaka. Akang'oa soli ya ndani, akapitisha vidole juu ya waya, kisha akaleta mita yake na kugusisha huku na huku. Sindano ya mita haikucheza. Aliikunja soli kidogo, na wote wakaona ncha mbili za waya zikitoka nje, zimeachana.

Baba alikaa chini sakafuni, buti mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Hapa nililehemu mwenyewe. Mahali panapokunjika ningeweka waya mlaini, nikaweka huu kwa sababu ndio uliokuwepo. Nikatembea barabara nzima nikijisifu. Kumbe nilikuwa nakutengenezea haya, mama Kipima."

"Usiseme hivyo," mama alisema.

"Niseme nini? Mguu si huo hapo?"

Kipima alikuwa bado amesimama na mkoba wa shule mgongoni. Baba alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kutania wateja mpaka wakasahau redio zao, na sasa alikuwa akiligeuzageuza lile buti kama mtu aliyesahau linavaliwaje. Kipima alielewa kwamba akinyamaza, mambo yatapita. Kosa lilikwishapata mwenyewe. Taa ilikuwa ikiwaka, kila mtu ameiona, na hakuna ambaye angemwuliza yeye chochote mpaka mwisho wa dunia. Aliuvua mkoba na kuuweka chini.

"Baba, si wewe."

"Nini, mwanangu?"

"Sikuweka mkono." Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Leo sikuweka mkono ndani. Wala jana. Tangu Jumatatu naangalia taa tu, halafu nasema kuna moto. Ningeweka mkono ningejua kwamba kushoto ni baridi."

Baba alimtazama bila kuelewa. Saa ile ya asubuhi, yeye huwa amekwenda kuchota maji, na jina la Kipima alilichukua kuwa utani wa mama na mtoto tu. "Mkono gani? Ndani ya nini?"

"Ndani ya buti. Mama huniuliza kila siku kama lina moto. Mimi ndiye ninayempimia."

"Mama yako ana miguu yake," baba alisema polepole. "Akivaa si atasikia mwenyewe? Kwa nini akuulize wewe?"

Dada Trei alimgeukia mama. Baba naye alimgeukia mama. Mama aliinamisha kichwa, akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa gauni lake.

"Kwa sababu mguu huu hauniambii," alisema mwishowe.

Akaeleza yote. Alieleza mvua za mwaka uliopita, vidole vitatu, tangazo la msimamizi, na wale wanawake wawili ambao hawakuonekana tena. Alieleza bila kulia, mpaka alipofika kwenye mkono wa Kipima, hapo akashindwa.

"Mwaka mzima," baba alisema. "Na mimi nalala pembeni yako."

"Ningekwambia ungenitoa kazini."

"Ningekutoa, ndiyo."

"Na mimi nikakuuliza mara tatu leo kama miguu ipo," alisema Dada Trei.

"Nilikujibu nilivyoambiwa na mtoto," mama alisema. "Sina namna nyingine ya kujua."

Hapo ndipo Kipima alipoelewa mchezo ule ulikuwa nini. Kila asubuhi mama yake alikuwa akiingia kwenye barafu akitegemea neno lake, na yeye alikuwa akilitupa neno hilo kutoka chini ya kitanda huku anatafuta soksi. Alilia kwa sauti, bila kujificha, hata majirani wakasikia. Mama alimvutia kifuani, akamshika hivyo kwa muda.

"Twendeni," mama alisema, akijifuta uso. "Nipelekeni huko zahanati. Siri yenyewe imekwisha, nitaficha nini tena?"

Walimpakia nyuma ya baiskeli, mguu umefungwa kwa shuka safi na kavu. Baba alisukuma, Dada Trei akashikilia upande, na Kipima akafuata nyuma na kiatu cha mguu mzima mkononi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia akiache.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mtu mnene mwenye miwani midogo isiyolingana na uso wake. Kipima alimwamkia, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Daktari yuko likizo, mimi ni muuguzi. Lakini ukiniita daktari sikukatazi." Alifungua shuka, na utani ukamwisha. Aliuchunguza mguu kidole kwa kidole, akauliza umekuwa hivyo tangu saa ngapi, na nani kausugua. Aliposikia kwamba haukusuguliwa wala kuwekwa motoni, alishusha pumzi.

Alichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye beseni, akachovya kiwiko chake. "Kwangu mimi yako sawa," alisema. "Lakini kipimajoto cha maji kimevunjika tangu wiki iliyopita, na huyu mama hawezi kutuambia kama yanamwunguza. Sitaki kutegemea kiwiko kimoja. Nataka mkono wa pili. Nani ana mkono wa kuaminika hapa?"

Baba alitazama sakafu. Dada Trei alitazama dirisha. Kipima hakuthubutu kuinua uso.

"Kipima," mama alimwita. "Nitazamie."

Kipima alisogea. Aliingiza mkono wote kwenye beseni mpaka juu ya kifundo, akautuliza, akahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Hakuna aliyemharakisha.

"Ni ya kunawia uso," alisema. "Nimeyagusa mpaka chini. Hayaunguzi."

"Basi tia mguu, mama," alisema muuguzi.

Walikaa pale kwa muda mrefu. Kila maji yalipopoa, muuguzi aliongeza kidogo, na kila alipoongeza, Kipima aliingiza mkono kwanza. Kidole gumba kilianza kugeuka rangi, kisha cha pili. Mama aliuma meno na kulishika bega la baba kwa nguvu.

"Kinauma?" muuguzi aliuliza.

"Kinauma sana."

"Hizo ni habari njema. Vumilia."

Vile vitatu vya pembeni vilichelewa. Vilikaa vyeupe hata maji yalipoongezwa mara ya tatu na ya nne. Halafu kwenye ncha ya kidole cha mwisho kabisa pakatokea wekundu kidogo, ukapanda taratibu. Muuguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama kwa karibu.

"Havikatwi," alisema. "Vitavimba, vitatoka malengelenge, na ganzi ya zamani siahidi kwamba itaondoka. Lakini vyako vyote vitano utabaki navyo. Mngelala navyo mpaka kesho, tungekuwa na mazungumzo mengine. Nani aliyewaleta?"

Baba alimwonyesha Kipima kwa kidevu. "Huyu. Alisema kosa lake, na kosa lake likafichua mengine." Akamweleza kwa kifupi.

Muuguzi alimgeukia Kipima. Hakumkemea. Alivuta kigoda, akakaa ili uso wake uwe sawa na wa Kipima.

"Sikiliza, mwanangu. Ile taa haikudanganya. Ilikwambia betri ni nzima, na ilikuwa nzima. Wewe ndiye uliyeiongezea neno. Mtu akikuuliza jambo, mwambie ulichokigusa. Kama hukugusa, sema hukugusa, hata kama utaona haya. Haya huisha baada ya siku mbili. Kidole kikikatwa, ndiyo basi." Kisha alimgeukia mama, na sauti yake ikawa nzito zaidi. "Na wewe, mama. Mguu uliokufa ganzi haufichwi. Baridi ingeula, na vile viatu vya moto navyo vingeweza kuuchoma, na vyote viwili usingevisikia. Ulimpa mtoto kazi ya kukulinda, ukamwambia ni mchezo. Mtoto hulinda mchezo kwa kadiri ya mchezo."

"Nimesikia," mama alisema.

Njiani kurudi, mama akiwa nyuma ya baiskeli, alinyoosha mkono akamshika Kipima begani. "Kosa lako ni la siku tano," alimwambia. "Langu ni la mwaka mzima. Nisamehe."

Kipima aliushika ule mkono, akatembea nao mpaka nyumbani.

Jumatatu, baba na Dada Trei walipeleka karatasi ya zahanati kiwandani. Msimamizi, mwanamke mfupi aliyeogopwa na wanaume warefu, aliisoma mara mbili. Alikasirika kweli, lakini si kwa lile mama aliloliogopa. "Angeniambia mwaka jana, ningemtoa vidole vikiwa vizima," alisema. Kuhusu wale wanawake wawili, Dada Trei mwenyewe ndiye aliyemkumbusha mama baadaye kwamba mmoja aliacha kazi akajifungua mapacha, na mwingine alihamia mji mwingine na mumewe. Mama alikuwa amejitisha mwaka mzima kwa hadithi aliyoitunga mwenyewe.

Mguu ulipopona, mama hakurudi kwenye chumba cha baridi. Aliwekwa mlangoni pake. Aliandika saa ya kila jozi kuingia, akawatoa dakika ishirini zikitimia, lori liwe limekuja au halijaja. Baba aliyatengeneza upya yale mabuti kwa waya mlaini, akampa Dada Trei. Kila Dada Trei alipotaka kuingia, mama alimzuia.

"Vua kwanza niguse."

"Taa si hiyo inawaka, mama Kipima?"

"Taa nimeiona. Vua."

Shuleni, Tangazo alisubiri siku chache kabla ya kuuliza kwa nini Kipima alikuwa na macho ya kuvimba ile wiki. Kipima alimweleza yote, na harufu ya samaki akaieleza vilevile ilikotoka. Mapumziko yalipofika Tangazo alikwenda kwa yule mvulana wa dawati la nyuma, akamwambia kitu sikioni, na habari za soksi ya samaki hazikusikika tena.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Kipima aliamka akakuta viatu vyake vya shule, vilivyolowa jana yake, vimewekwa karibu na jiko. Mama alikuwa amechutama pale, ameingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto mpaka mwisho.

"Vipi huko?" Kipima aliuliza kutoka kitandani.

"Kulia pakavu," mama alisema. "Kushoto bado."

"Bado kwa aina gani?"

Mama alifikiri. Hakuutoa mkono. "Kwa aina ya kukufanya upige chafya mpaka mwalimu akutoe nje."

"Lakini mama, kengele italia, nitachelewa. Kwa nje kinaonekana kimekauka."

"Kinaonekana," mama alisema. "Mimi nimegusa."

Kipima alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akasubiri.